Wasomaji Wanauliza: Kubangua Maelezo ya Bidhaa Bila Kuvunja Korosho

Ukurasa huu hujibu maswali ya wasomaji wanaofanya biashara kwa njia ya mtandao. Safari hii barua tatu kutoka Kusini zimegusa jambo moja, kusafisha maelezo ya bidhaa yanayopelekwa kwenye masoko ya mtandaoni, nasi tumeona ni vyema kuziweka pamoja.

Swali

Ndugu Mshauri, salaam. Nina duka la mtandaoni lililojengwa kwa programu za WordPress na WooCommerce, ambamo ninauza korosho iliyobanguliwa, ufuta, asali na makubazi ya ngozi ya ng'ombe. Bidhaa zote zinafika 140. Maelezo yake yalichapwa kwa Word pale steshenari, kisha mimi nikayanakili na kuyabandika dukani. Hivi karibuni nimeanza kupeleka orodha yangu kwenye soko kubwa la mtandaoni, ambalo huchota faili la bidhaa zangu kila usiku, na matokeo yake yamenitia aibu. Dukani kwangu maelezo yanasomeka vizuri, lakini kule sokoni yanaonekana hivi:

<p><strong>Korosho ya Mtwara</strong>&nbsp;iliyobanguliwa.</p><ul><li>WW240</li><li>WW320</li></ul>

Kijana mmoja alinisaidia kufuta alama hizo kwa amri moja, na sasa yanasomeka "Korosho ya Mtwara&nbsp;iliyobanguliwa.WW240WW320". Mteja wa Dodoma amenipigia simu akiuliza hiyo WW240WW320 ni daraja gani. Je, niingie kwenye kila bidhaa nifute kwa mkono, au niondoe mapambo yote dukani kwangu ili mambo yaishe?

*Mfanyabiashara wa korosho, Chikongola, Mtwara*

Jibu

Ndugu yangu wa Chikongola, usifute chochote dukani kwako. Ninaanza na katazo hilo kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuharibu duka la mtu. Miaka kadhaa iliyopita nilimsaidia rafiki aliyekuwa akiuza vinyago vya mpingo kule Mikindani, na kwa kuona maelezo yake yamejaa tagi (alama kama hizo zako za <p>), niliyasafisha ndani ya hifadhidata yenyewe bila kuweka nakala ya akiba. Majedwali yaliyoonyesha urefu, upana na uzito wa kila kinyago yalifumuka yakawa mstari mmoja wa tarakimu zisizojulikana zinapima nini, na tulikaa wiki nzima na futi ya fundi cherehani tukivipima vinyago upya, kimoja baada ya kingine. Mapambo yaliyoko dukani yana kazi yake huko huko dukani, kwa kuwa mteja anayesoma kwenye simu anayahitaji ili macho yake yapate pa kutua. Kinachotakiwa kusafishwa ni nakala inayotoka kwenda sokoni, nayo isafishwe wakati inapotoka, kila usiku, kwa utaratibu uleule.

Kisanduku cha maelezo cha WooCommerce hakihifadhi maneno matupu. Huhifadhi HTML, yaani maneno pamoja na tagi zinazokiambia kivinjari aya inaanzia wapi, neno lipi likolezwe wino na orodha ipangwe vipi. Kivinjari huzitii tagi hizo na kuzificha, ndiyo maana wewe huzioni. Faili linalokwenda sokoni, ambalo mafundi huliita mlisho wa bidhaa, halipiti kwenye kivinjari. Programu ya soko hulipokea kama lilivyo na kuamua yenyewe la kufanya: soko moja litachapa tagi zote mbele ya mteja, jingine litazifuta kwa namna yake, na jingine litaikataa bidhaa nzima. Sheria zao hazifanani. Google Merchant Center hukubali herufi 150 kwa jina la bidhaa na 5,000 kwa maelezo; Amazon ilisitisha tagi za HTML katika maelezo ya bidhaa mwezi Julai 2021; katalogi ya Meta, wenye Facebook, ina sehemu mbili tofauti, moja ya maelezo matupu na nyingine ya maelezo yenye mapambo. Uliza kwanza soko lako linataka nini, na kama halisemi, peleka maneno matupu.

Umetaja steshenari, na hapo umenipa dokezo muhimu. Maandishi yanayonakiliwa kutoka Word huja na mizigo yake: tagi za span moja ndani ya nyingine, majina kama MsoNormal, na maagizo ya rangi na ukubwa wa herufi yasiyohitajika na mtu yeyote. Aya fupi ya kumsifu mrina asali inaweza kubebeshwa msimbo mrefu kuliko sifa zenyewe, na soko linalohesabu herufi linaweza kuuhesabu msimbo huo pia, likayakata maelezo kabla hayajafika kwenye jambo la maana. Kwa bidhaa mpya, bandika kwa kubonyeza Ctrl, Shift na V kwa pamoja, ili yaingie maneno bila mizigo hiyo.

Sasa tumrudie kijana wako, ambaye simlaumu, kwa kuwa alitumia amri inayotumiwa na watu wengi na ambayo hata baadhi ya programu jalizi (programu ndogo za kuliongezea duka uwezo) za milisho huitumia kimyakimya. Amri hiyo, ambayo katika lugha ya PHP huitwa strip_tags, huondoa kila kilichomo kati ya alama < na alama >, na haiachi kitu mahali pake. Kivinjari kinajua kwamba kila tagi ya li ni mstari wake peke yake. Tagi ikiondoka, na mpaka kati ya mstari na mstari huondoka nayo. Wewe unajua kuliko mimi kwamba korosho ina maganda mawili, gumu la nje na ngozi nyembamba ya ndani, na kwamba anayeligonga la nje kwa pupa hupata vipande vinavyouzwa kwa bei ya chini. Kijana wako aliligonga la nje kwa nguvu hadi korosho ikavunjika, halafu akaiacha ngozi, maana ile &nbsp; bado imeng'ang'ania hapo katikati. Hasara yake haiishii kwenye sura. Tarakimu ya daraja la korosho hutaja idadi ya korosho zinazoingia katika ratili moja, kwa hiyo anayetafuta WW320 anatafuta ukubwa mahususi, na injini ya utafutaji ya soko inaweza isiione kamwe ndani ya neno lisilojulikana "WW240WW320".

Usafishaji ulio sahihi huanza kwa kugawa tagi katika mafungu. Fungu la kwanza ni script na style, ambazo huondolewa pamoja na vyote vilivyomo ndani yake, kwa sababu kilichomo si maneno ya mteja. Hapa strip_tags ina udhaifu mwingine, kwani huondoa tagi zenyewe na kuuacha msimbo uliokuwa kati yake, ilhali amri ya WordPress iitwayo wp_strip_all_tags huviondoa vyote viwili. Fungu la pili ni tagi zinazoweka mipaka: p, br, div, li, tr, td na zile za vichwa vya habari, kuanzia h1 hadi h6. Hizi hazifutwi tu. Kabla ya kufutwa hubadilishwa kuwa mstari mpya, na kwa td hutosha nafasi au nukta mkato. Fungu la tatu ni tagi zinazokaa ndani ya mstari, kama strong, em, span na a, ambazo hufutwa bila kuacha hata nafasi. Wengi wakishaungua na fungu la pili hukimbilia kuweka nafasi mahali pa kila tagi, na hapo neno lililoandikwa <strong>WW</strong>320 hugeuka "WW 320", na nukta za mwisho wa sentensi huelea mbali na maneno yake.

Baada ya tagi ndipo zifuatwe alama mbadala zinazosimama mahali pa herufi, zile zinazoanza na & na kuishia kwa nukta mkato. Utaratibu huu una sababu, na sababu yenyewe imo katika bidhaa zako. Tuseme umeandika kwamba korosho yako ina "unyevu &lt;5%, imefungwa kwenye pakiti isiyopitisha hewa". Ukizirejesha alama mbadala kwanza, &lt; itakuwa <, na strip_tags ikikutana na < iliyoshikana na tarakimu itadhani tagi imeanza, itangoja mwisho wake, na kama mwisho haupo itameza maelezo yote yaliyobaki. Mteja atabaki na "unyevu" pekee, na hakuna atakayekuarifu, kwa kuwa faili litakuwa halali kabisa. Ukiziondoa tagi kwanza na kurejesha alama baadaye, sentensi hubaki nzima.

Kuna hali moja inayogeuza mpango huo. Mara nyingine maelezo yote hufungwa (yaani herufi zake maalumu hugeuzwa kuwa alama mbadala) mara mbili njiani, tuseme programu jalizi moja imeyafunga na nyingine ikayafunga tena, nawe unakuta &lt;p&gt; mahali palipokuwa na <p>, au &amp;nbsp; mahali palipokuwa na &nbsp;. Hapo hutakuwa na budi kurejesha mara moja kabla ya kusafisha. Usiifanye kuwa kanuni ya bidhaa zote; tazama kwanza kama ndani ya maandishi mna &lt;p&gt;, &lt;li&gt; au &lt;br, na bidhaa zenye dalili hiyo pekee ndizo zipite njia hiyo.

Hiyo &nbsp; nayo ina ujanja. Ikirejeshwa haiwi nafasi ya kawaida, bali nafasi isiyovunjika mstari, ambayo kwa macho haitofautiki na nafasi nyingine yoyote. Kompyuta inaitambua kuwa ni herufi tofauti, yenye namba 160 badala ya 32, na kwa hiyo "asali&nbsp;mbichi" iliyorejeshwa haitalingana na "asali mbichi" anayoandika mteja. Ibadilishe kuwa nafasi ya kawaida, kisha nafasi mbili au tatu zilizofuatana uzifanye moja, bila kuigusa mistari mipya uliyoitunza kwa taabu.

Makubazi yako yanahitaji tahadhari ya peke yake. WordPress inapoonyesha maandishi hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda na kuiandika &#8217;, kwa hiyo mlisho unaochukua maandishi yaliyokwisha kuandaliwa kwa ajili ya kivinjari utakuletea "ngozi ya ng&#8217;ombe". Nimeona misimbo ya usafi, iliyoandikwa na watu ambao lugha zao hazina ng', ikifuta ritifaa zote kwa kuzihesabu uchafu, na mwenye duka akajikuta anauza "ngozi ya ngombe". Kwetu sisi ritifaa hiyo ni sehemu ya herufi. Irejeshe iwe ritifaa ya kawaida, wala usiifute.

Mwisho, usiangalie maelezo peke yake. Jina la bidhaa halitakiwi kuwa na tagi hata moja, na bei huchafuka pia, kwa kuwa WooCommerce inapoonyesha bei huizungushia span na bdi, na programu jalizi iliyowekwa vibaya huibeba bei pamoja na maganda yake. Masoko mengi hutaka tarakimu tupu na jina la sarafu kwa herufi tatu, mfano 28000 TZS. Mwambie kijana wako asiijaribu kazi kwa bidhaa zote 140 kwa pamoja. Achague saba au nane zilizo mbaya kuliko zote, yaani yenye jedwali, yenye orodha ndefu, yenye <, yenye ng', na ile iliyotoka Word, na aziweke kando kama kipimo, ili kila anapobadilisha msimbo azipitishe hizo kwanza.

Swali

Ndugu Mshauri, mimi sina fundi wala sijui kuandika msimbo. Ninauza mafuta ya ufuta na mikeka, na duka langu hunipa faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) ambalo ninalifungua kwa Excel, ninalirekebisha na kulipeleka sokoni mwenyewe. Nifanyeje kuondoa tagi? Na kwa nini nikilihifadhi faili, namba za msimbo pau zinageuka kuwa 6.2E+12?

*Mjasiriamali, Nachingwea, Lindi*

Jibu

Dada yangu, nianze na la pili kwa sababu ndilo lenye madhara ya haraka. Misimbo pau iliyosajiliwa kupitia GS1 Tanzania, shirika linalotoa namba hizo, huanza na 620 na huwa na tarakimu 13. Excel ikiifungua CSV kwa kubonyezwa mara mbili hudhani hizo ni hesabu, huzifupisha, na unapohifadhi huandika kile kifupisho. Tarakimu zako zinakuwa zimekwenda, na hazirudi kwa kupanua safu ya jedwali. Namba za bidhaa zinazoanza na sifuri nazo hupoteza sifuri hizo. Fungua Excel ikiwa tupu, ingiza faili kupitia sehemu ya data, na uitaje safu ya msimbo pau kuwa ni maandishi. Ukitumia Google Sheets, wakati wa kuingiza faili ondoa tiki kwenye chaguo la kugeuza maandishi kuwa namba.

Kwa upande wa tagi, Google Sheets itakurahisishia kuliko matoleo ya zamani ya Excel, kwa kuwa inaelewa ruwaza (maelezo ya sura ya maandishi yanayotafutwa) bila kuhitaji msimbo. Tuseme maelezo yako yako safu B. Katika safu C andika fomula hii, inayogeuza mwisho wa kila kipengele cha orodha kuwa nukta mkato:

=REGEXREPLACE(B2,"(?i)</li>","; ")

Katika safu D geuza mipaka mingine kuwa nafasi:

=REGEXREPLACE(C2,"(?i)</(p|div|h[1-6]|tr|td)>|<br\s*/?>"," ")

Katika safu E ondoa tagi zilizobaki:

=REGEXREPLACE(D2,"</?[a-zA-Z][^>]*>","")

Utakuta watu wengi wanatumia ruwaza fupi zaidi, <[^>]*>, ambayo hufuta chochote kilicho kati ya alama hizo mbili. Hiyo niliyokupa hutaka herufi ya alfabeti ifuate mara tu baada ya <, ili "asidi <2%" isichukuliwe kuwa tagi.

Safu F iwe ya alama mbadala. Tumia SUBSTITUTE kwa &nbsp;, &quot;, &#8217;, &lt; na &gt;, moja baada ya nyingine, na &amp; uiache iwe ya mwisho kabisa, la sivyo utarejesha mara mbili kitu kilichotakiwa kurejeshwa mara moja. Kisha malizia kwa:

=TRIM(SUBSTITUTE(F2,CHAR(160)," "))

TRIM peke yake haitoshi, kwa sababu inaijua nafasi ya kawaida tu. Matokeo ya safu ya mwisho yanakili, uyabandike kama maneno na si kama fomula, kisha ndipo ufute safu za katikati.

Nimechagua nukta mkato na nafasi badala ya mistari mipya kwa makusudi. Kanuni za CSV, kama zilivyoandikwa katika RFC 4180 ya mwaka 2005, zinaruhusu mstari mpya ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa alama za kunukuu, lakini nimekutana na masoko yanayosoma faili mstari kwa mstari bila kujali alama hizo, na bidhaa moja ikaonekana kuwa nne, tatu kati yake zikiwa hazina bei.

Utakapohifadhi kwa Excel, chagua aina iliyoandikwa CSV UTF-8. Ukichagua ile ya kawaida, ritifaa iliyopinda inaweza kuharibika, na ukiona â€™ katikati ya neno ujue faili ni la UTF-8 lakini limesomwa kwa mpangilio mwingine wa herufi. Tatizo hilo si la HTML, na hakuna fomula ya tagi itakayolitibu.

Swali

Mheshimiwa Mshauri, ninasomea kompyuta na ninawasaidia wafanyabiashara wawili wa hapa kwetu kutengeneza milisho ya XML (mfumo wa kupanga data kwa tagi). Mwalimu wangu anasema haina haja ya kusafisha HTML. Nifunge maelezo ndani ya CDATA na kazi imekwisha. Je, ni kweli?

*Mwanafunzi, Newala*

Jibu

Mwalimu wako yuko sahihi kwa nusu. XML yenyewe inazijua alama mbadala tano tu zenye majina: &amp;, &lt;, &gt;, &quot; na &apos;. Ukiweka &nbsp; moja katika maelezo ya bidhaa moja, bila kuitangaza, faili zima huwa batili, na soko linaweza kukataa bidhaa zote kwa ajili ya herufi moja. CDATA inakuokoa hapo, kwa sababu inaiambia programu ipokee kilichomo ndani kama maandishi matupu bila kukichambua.

Lakini kupokelewa si kusafishwa. Kilichomo ndani ya CDATA kitafika sokoni kama kilivyo, na soko linaloonyesha maneno matupu litaonyesha <p> na &nbsp; mbele ya mteja, sawasawa na ilivyomkuta ndugu yetu wa Chikongola. Hata &amp; iliyoandikwa ndani ya CDATA haitarudi kuwa &, itabaki herufi tano. Kwa hiyo safisha kwanza hadi upate maandishi ya kawaida, kisha iachie maktaba ya XML ya lugha unayotumia iyafunge yenyewe wakati wa kuandika faili, badala ya kuunganisha vipande vya maandishi kwa mkono. Ukiamua kutumia CDATA, hakikisha ndani ya maelezo hakuna mfuatano ]]>, kwa kuwa huo ndio unaoifunga, na chochote kitakachofuata kitasomwa tena kama XML.